Milimita 1067 juu ya ubao: kujenga reli ya Katanga nyumbani

Reli ilipofika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo katika eneo la Katanga, kusini mwa Kongo, mwaka 1910, ikitokea nchi ambayo sasa ni Zambia na kuvuka mpaka pale Sakania, ilikuja na upana uliokwisha kuamuliwa kusini mwa Afrika: milimita 1067 kutoka upande wa ndani wa chuma kimoja hadi upande wa ndani wa chuma cha pili. Ulaya, reli nyingi zina milimita 1435. Abiria hana haja ya kuijua tofauti hiyo, lakini mtu anayetaka kujenga modeli ya reli ya Katanga nyumbani kwake hukutana nayo kabla hajanunua msumari wa kwanza, kwa sababu karibu kila treni ndogo inayouzwa duniani imetengenezwa kwa kuiga reli pana ya Ulaya au ya Marekani.

Nimeulizwa mara nyingi na wenzangu wa hapa Lubumbashi, na wengine wa Likasi, kwamba mtu aanzie wapi, na aliye na reli chache tayari aziboreshe vipi. Jibu langu limekuwa lile lile kwa miaka mingi: usiongeze reli. Ubao wenye reli nyingi zinazozunguka huchosha baada ya wiki chache, kwa kuwa treni inazunguka na kurudi pale pale bila kuwa na shughuli. Ubao wenye reli chache, uliochagua mahali pamoja na wakati mmoja, kisha ukapewa kazi ambayo reli ya mahali pale ilikuwa ikiifanya, unaweza kumshughulisha mtu jioni baada ya jioni. Yote ninayoyaeleza hapa chini yanatokana na wazo hilo.

Tuanze na hesabu ya upana, maana ndiyo inayoamua mengine. Skeli iliyoenea zaidi ni H0, ambayo hupunguza kila kitu mara 87. Reli yake ina milimita 16.5, na ukizidisha 16.5 kwa 87 unapata takriban 1435, yaani upana wa Ulaya. Ukiweka juu yake behewa la Katanga lililopunguzwa mara 87, behewa litakuwa sahihi lakini reli iliyo chini yake itakuwa pana mno, na jicho la mtu aliyekulia karibu na gare, yaani stesheni, litahisi kwamba pana kitu hakijakaa sawa hata kama hataweza kukitaja. Njia za kutoka hapo ni tatu. Unaweza kubaki na 87 ukatumia reli ya milimita 12, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya modeli za treni za milimani zenye reli ya upana wa mita moja, kama zile za Uswisi. Hiyo inakupa milimita 1044. Unaweza kupunguza mara 120 ukatumia reli ya milimita 9, ukapata 1080. Au unaweza kupunguza mara 64 tu, ukatumia ile ile reli ya kawaida ya milimita 16.5, ukapata 1056. Huko New Zealand, ambako reli za nchi nzima zina upana kama wetu, watu wa hobi hii wamezoea kutumia 64 na 120, na modeli zao zinaonyesha kwamba tofauti ndogo inayobaki haionekani kabisa.

Mimi nilichagua 64, nami ningemshauri mkazi wa Lubumbashi afanye vivyo hivyo. Reli ya milimita 16.5 ndiyo inayopatikana kwa wingi kuliko zote, na mota, ekseli na magurudumu yaliyotumika ya H0 huletwa na ndugu wanaotoka Ubelgiji au Afrika Kusini kwa gharama inayovumilika; unaondoa bodi ya Kizungu iliyokuwa juu na kujenga yako. Kwa skeli hii behewa la mita 12 huwa na urefu wa karibu sentimita 19, kipimo ambacho mkono uliozoea kukunja waya na kukata makopo unaweza kukifanyia kazi bila lenzi wala vifaa vya sonara. Tena vigari vidogo vya chuma vya watoto, vile vinavyouzwa kila soko, vingi vimetengenezwa kwa skeli inayokaribia 64. Lori dogo la sokoni likipakwa rangi ya vumbi na kufungwa turubai la karatasi huwa lori halali la kuegesha kando ya ghala. Wenye skeli nyingine hulipa fedha nyingi kwa kitu kama hicho.

Gharama ya 64 ni nafasi. Treni ya mabehewa kumi hula karibu mita mbili, na sebule zetu hazina mita hizo za kuchezea. Hapo ndipo wazo la kazi linapomsaidia mtu kuliko wazo la safari. Badala ya kutaka treni iende Ilebo, bandari ya mto Kasai, na kurudi, jenga pembe moja ya yadi ambako treni inapangwa kabla ya kuondoka. Mwingereza Alan Wright alibuni zamani mpango mdogo uitwao Inglenook Sidings, ambao umeigwa kote duniani kwa sababu una reli tatu na pointi mbili tu, yaani sehemu mbili ambapo njia hugawanyika. Njia moja inabeba mabehewa matano, nyingine mbili zinabeba matatu matatu, na kipande cha mbele kinatosha kichwa cha treni pamoja na mabehewa matatu. Una mabehewa manane. Unachagua matano bila kuangalia, unayapangia zamu, kisha unalazimika kuyaunganisha kwa utaratibu huo huo kwenye njia ndefu. Utaratibu unaowezekana wa mabehewa matano kati ya manane ni 6720, kwa hiyo hakuna hofu ya kuumaliza mchezo. Kwa skeli ya 64, mpango wote unaingia katika ubao wa karibu mita mbili na nusu kwa sentimita 35, uliotundikwa ukutani kama rafu, juu ya makochi.

Mpango wa Wright hausemi ni nchi gani wala mwaka gani, na hilo ndilo jambo ambalo mjenzi mwenyewe anapaswa kuliongeza. Nilichagua miaka ya mwisho ya 1970. Uchaguzi wa wakati unaonekana kama pambo, lakini kwa kweli ndio unaoandika kazi ya kila behewa. Kibao cha stesheni kinasoma Lubumbashi, kwa kuwa jina la Élisabethville liliachwa mwaka 1966, na ubavuni mwa mabehewa panaandikwa SNCZ, shirika la reli la taifa la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, lililoundwa mwaka 1974. Jambo zito zaidi ni kwamba tangu mwaka 1975, kwa sababu ya vita vya Angola, njia ya Benguela ya kufikia bahari kule Lobito ilikuwa imefungwa kwa mizigo yetu. Shaba iliyokuwa ikienda magharibi kupitia Tenke na Dilolo ilibidi ipite kwingine: kaskazini kwa reli hadi Ilebo, ikapakiwa majahazini hadi Kinshasa, ikapakiwa tena kwenye treni hadi Matadi, au kusini, kupitia Sakania. Kwa hiyo kadi ninazozichomeka kwenye kila behewa zina maandishi ya namna hiyo: shaba ya Ilebo, shaba ya Sakania, makaa ya mawe kwa kiwanda, mahindi kutoka Zambia, mafuta, saruji, samaki mkavu kutoka Bukama. Behewa la Zambia linaruhusiwa kusimama kwenye ubao wangu bila maelezo yoyote, kwa sababu upana wa reli zao ni huo huo wa milimita 1067 na mabehewa huvuka mpaka. Angekuwa amechagua mwaka 1960, mjenzi huyo huyo angekuwa na kadi za Dilolo na hangekuwa na herufi za SNCZ hata moja.

Kuhusu umeme, watu wa huku tuna nafuu ambayo wengi hawajaitambua. Treni za modeli za kawaida huendeshwa kwa mkondo mnyoofu wa volti 12 unaopita katika reli zenyewe. Ukibadili chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Volti 12 ndiyo volti ya betri ya pikipiki, ndiyo volti ya betri za sola ambazo nyumba nyingi za Katuba na Ruashi, mitaa ya hapa mjini, zinawasha taa nazo umeme unapokatika. Betri hiyo, kirekebisha mwendo kidogo cha aina inayotumika kwa mota za volti 12, na swichi ya kugeuza mwelekeo, vinatosha. Lakini naomba jambo moja lisipuuzwe: weka fyuzi ndogo, ya ampea moja au mbili, karibu kabisa na betri. Transfoma ya kununua hujikata yenyewe ikipata shoti. Betri haijikati, itasukuma mkondo mpaka waya mwembamba uwe mwekundu na mbao zianze kuungua. Mfumo wa kidijitali, ambao hupeleka umeme na amri pamoja katika reli ili vichwa vingi viendeshwe kila kimoja peke yake, ni mzuri sana kwa ubao mkubwa. Yadi yenye kichwa kimoja haiuhitaji.

Treni ikikwama-kwama, mara nyingi mota haina hatia. Tatizo liko katika njia ya umeme kufika kwenye mota. Vipande vya reli huunganishwa kwa vishikizo vya bati, na vishikizo hivyo hulegea na kushika kutu. Uboreshaji mkubwa kuliko wote ambao mtu anaweza kuufanya kwa siku moja ni kulehemu waya mwembamba chini ya kila kipande cha reli, bila kukiacha hata kimoja, na kuziunganisha zote kwenye nyaya mbili nene zinazopita chini ya ubao. Reli za modeli za siku hizi, nami hulifurahia jambo hili kila ninapoziona, ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, shaba ikiwa ndiyo nyingi kuliko vyote. Hazichafuki upesi kama zile za zamani zilizokuwa za shaba na zinki peke yake. Hata hivyo vumbi letu jekundu la kiangazi huingia hata madirisha yakifungwa. Kitambaa chenye spiriti kidogo, kikipitishwa kabla ya kila mchezo, kinatosha. Msasa usitumike, kwani huacha mikwaruzo ambamo uchafu hujificha.

Hali ya hewa ya mji wetu inadai heshima yake pia. Usiku wa Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na mchana wa Oktoba joto hupita 30. Kisha masika huja na unyevu wa miezi mitano au sita. Mbao hutanuka na kunywea kuliko chuma. Mimi hutumia tripleksi (plaiwudi) iliyopakwa rangi pande zote mbili pamoja na kingo zake, ili unyevu usiingie kwa upande mmoja ukaipinda, na huacha nafasi ya karibu nusu milimita kwenye maungio ya reli. Mchwa nao wasisahaulike: rafu iliyotundikwa kwa vyuma vya ukutani, isiyogusa sakafu, inawapa kazi ngumu zaidi.

Sasa nifike kwenye mandhari, sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo naamini sisi tunaweza kuifanya vizuri kuliko mtu yeyote anayenunua majani ya plastiki dukani. Udongo mwekundu wa hapa hauna mfano wake katika chupa ya rangi, kwa hiyo tumia udongo wenyewe. Uchote wakati wa kiangazi, uukaange juu ya moto mdogo ili mayai ya wadudu yafe, uuchekeche kwa kitambaa chepesi. Kisha ufanye jambo ambalo waanzaji hawaliambiwi: pitisha sumaku iliyofungwa kwa karatasi juu yake, mara nyingi, hadi isiokote kitu tena. Udongo wetu una chuma, na chembe za chuma huvutwa na sumaku ya mota na kuisaga polepole. Ukimaliza, unyunyize juu ya ubao na uudondoshee gundi nyeupe iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, pamoja na tone la sabuni ili mchanganyiko upenye badala ya kusimama kama shanga. Kokoto chini ya mataruma hufuata utaratibu huo huo, ila zichekechwe mpaka zibaki zile za ukubwa wa milimita moja au chini yake. Kokoto halisi ya sentimita tano, ikipunguzwa mara 64, haifiki hata milimita moja.

Halafu kuna vichuguu. Mtu anayeijua barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi anajua kwamba nchi hii haiwezi kuchorwa bila vichuguu vyake vikubwa, vingine vya mita tano na zaidi kwenda juu, vikiwa na miti iliyoota kileleni. Kwa 64, kichuguu cha mita tano kina sentimita nane. Kimoja tu kwenye kona ya ubao, chenye vijiti vya mizizi mikavu badala ya miti ya miombo, humwambia mgeni yuko wapi kabla hajasoma kibao cha stesheni. Nimeona modeli za watu wa mbali zenye milima ya theluji iliyofanywa kwa ustadi wa ajabu, na ninawaheshimu. Lakini kichuguu hakuna atakayetufanyia.

Bomba la moshi la kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha masalio ya kuyeyusha shaba kilicho kando yake ni suala la namna nyingine. Mji huu hauwezi kuwakilishwa bila hivyo viwili, na vyote viwili ni vikubwa mno. Bomba hilo lina zaidi ya mita 100. Kwa skeli kamili lingezidi mita moja na nusu na kuifanya treni ionekane kama mdudu. Hapa ukweli wa kipimo unapaswa kuupisha ukweli wa macho. Kutoka gare, bomba huonekana kwa mbali, na kitu cha mbali huonekana kidogo. Kwa hiyo langu lina sentimita 45, limechorwa kwenye kadibodi nyuma kabisa ya ubao kwa rangi zilizofifishwa na kijivu kidogo, na kilima kimekatwa kwenye kadibodi ya pili iliyosimama sentimita mbili mbele yake. Ile nafasi ndogo kati ya kadibodi mbili ndiyo inayoleta kina. Mmarekani John Allen, aliyejenga reli yake maarufu ya Gorre & Daphetid huko Monterey, California, aliweka vioo mahali ambapo macho hayavitegemei ili chumba kionekane kirefu. Mimi nimeazima ufundi huo kwa kioo kidogo nyuma ya ghala, ili njia inayoishia ukutani ionekane kuendelea.

Nyaya za juu zinastahili maneno yake. Reli ya Katanga ilianza kuwekewa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1950, kati ya Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, na Tenke, kwa mkondo geu wa masafa ya hezi 50, aina ile ile inayoingia majumbani, ukitoka kwenye mabwawa ya mkoa wetu. Ilikuwa miongoni mwa reli za mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo, na leo mfumo wa kilovolti 25 wenye masafa hayo ndio unaochaguliwa kwa reli nyingi mpya ulimwenguni. Kwa sababu hiyo naona ni wajibu kwa ubao wa Lubumbashi kuwa na nguzo na nyaya, hata kama hazipitishi umeme wowote. Waya halisi unaoguswa na treni una unene wa karibu milimita 12, ambao kwa 64 ni milimita 0.2, waya wa shaba uliofumuliwa kutoka mota iliyoungua una unene wa namna hiyo na haugharimu kitu. Umbali kati ya nguzo, ambao kwa kawaida ni kama mita 60 penye njia iliyonyooka, nimeupunguza zaidi ya nusu, la sivyo ubao mzima ungekuwa na nguzo tatu. Kichwa cha treni cha umeme, chenye umbo la sanduku na madirisha machache, ni rahisi kukijenga kwa kadibodi ngumu na bati kuliko cha mvuke, na hiyo ni sababu nyingine ya mwanzaji kuupenda wakati huo.

Jirani yangu mmoja wa mtaa wa hapa mjini uitwao Kenya, mstaafu wa reli, alikuja kuutazama ubao nilipodhani umekwisha. Alikaa kimya kwa muda, akasema: "Mwanangu, hii gare haijafanya kazi hata siku moja." Nikamwomba, "Papa, nionyeshe kinachokosekana." Akaanza kuonyesha kwa kidole. Pale kichwa kinaposimama kusubiri, lazima kuwe na doa la mafuta kati ya reli. Pale makaa yanapopakuliwa, kokoto ziwe nyeusi na si za kijivu. Kwenye pointi, mahali anapokanyaga mtu anayegeuza njia, majani hayaoti. Ubavuni mwa behewa, kutu huanzia chini na kwenye maungio, haianzii katikati. Na watu wako wapi? Hakuna treni iliyowahi kusimama Lubumbashi pasipo mama mwenye beseni la karanga. Mtu wa mita 1.70 ana sentimita 2.7 kwa skeli yangu, kwa hiyo nilianza kuwatengeneza kwa waya, karatasi laini na gundi. Kitenge, kwa ukubwa huo, ni nukta za rangi tatu zilizowekwa kwa ncha ya sindano. Mabadiliko hayo yote hayakuhitaji reli mpya hata sentimita moja, na yameufanya ubao ule ule uwe mahali.

Kazi inayofuata ni ya watu zaidi ya mmoja. Wenzangu wawili wanajenga vipande vyao, mmoja Likasi na mwingine Tenke ambako njia ya Dilolo inaachana na ile ya Bukama, nasi tumekubaliana vipimo vichache vya kuheshimiwa na wote ili vipande viungane siku tukikutana: uso wa reli uwe mita 1.10 kutoka sakafuni, njia kuu itoke kwenye ukingo ikiwa sentimita 12 kutoka mbele, isiwe na kona wala mteremko katika sentimita 10 za mwisho, na nyaya mbili za chini zimalizikie kwenye plagi ya aina moja, nyekundu ikiwa ya reli ya mbele. Mengine kila mtu ataamua mwenyewe. Wa Tenke ameshaniomba kadi za mizigo ya Ilebo, kwa sababu kila behewa nitakalolipanga Lubumbashi ndilo yeye atakalolipokea.